Kiraka cha Nani? Mawazo juu ya Kutengeneza Picha

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, neno "kutengeneza" halimsumbui mtu. Fundi aliyelala chini ya gari atasema anatengeneza gari, wala hakuna apitaye atakayedhani kwamba gari hilo linaundwa pale pale, juu ya vumbi la Buyenzi. Seremala aliye jirani yake naye atasema anatengeneza kabati, na hapo kila mtu ataelewa kwamba kabati halikuwapo na sasa litakuwapo. Neno ni moja, kazi ni mbili: kukirudishia kitu kilichoharibika hali yake, na kukileta duniani kitu ambacho hakikuwapo. Lugha yetu imeziacha maana hizi mbili zikae chumba kimoja kwa sababu macho ya msikilizaji yalitosha kuzitenga. Gari analiona, na mbao anaziona.

Kwa upande wa picha, macho hayatoshi tena. Tukimpelekea mtu wa studio picha iliyochanika, tukamwambia "tutengenezee", naye akaturudishia picha nzima isiyo na ufa, je, tumepewa kilichorudishwa au kilichoundwa? Swali hili si la mafundi peke yao. Ni swali la lugha, ndiyo maana tunalileta mbele ya walimu wa Kiswahili. Lakini chini ya lugha kuna swali la haki, na katika nchi ya Burundi haki hiyo inawahusu hata watu waliokwisha kufa.

Ili tusiseme kwa kubahatisha, na tuvitazame kwanza vyombo vyenyewe. Programu ya kompyuta ijulikanayo zaidi katika kazi hii ni Photoshop, ya kampuni ya Adobe. Chanzo chake ni mwaka 1987, pale Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alipoandika programu ndogo ya kuonyesha picha katika kompyuta yake. Nduguye John, aliyekuwa akifanya kazi ya picha za sinema, akatambua kwamba jambo hilo laweza kukuzwa. Toleo la kwanza lilitoka Februari 1990, nalo lilikuwa la kompyuta za Macintosh tu. Lilikuwa chombo kisicho na huruma. Lilimruhusu mtumiaji kutendua tendo moja tu, lile la mwisho; akishatenda la pili, la kwanza limekwisha kupita. Halikuwa na matabaka: neno likishaandikwa juu ya picha na kuachwa hapo, lilizama ndani ya picha lisitoke.

Matabaka yalikuja mwaka 1994, katika toleo la 3. Tangu hapo fundi aliweza kuitandika kazi yake juu ya picha kama mtu atandikavyo karatasi inayoonya juu ya kitabu, na kitabu chini kikabaki salama. Mwaka 1998 toleo la 5 lilileta orodha ya matendo yaliyopita, mtu akaweza kurudi nyuma hatua nyingi. Mwaka 2002 ikaja brashi ya kuponya, ya kufutia makunyanzi na madoa. Mwaka 2010 programu ikajifunza kuliziba pengo yenyewe kwa kutazama yaliyo kandokando ya pengo. Mwaka 2020 vikaongezwa vichujio vya akili bandia, na mwaka 2023 ukafunguliwa mlango mwingine kabisa: fundi analizungushia mstari eneo analotaka, anaandika maneno machache, na mashine inachora.

Wako wanaoisimulia safari hii kama hadithi ya kuporomoka. Husema kwamba zamani picha ilikuwa kweli, na leo ni uongo. Zamani fundi alikuwa mwaminifu, na leo ni mwizi. Hadithi hii ni tamu kwa wazee, lakini haisimami. Kwanza, matoleo ya kale ndiyo yaliyokuwa yakiua picha ya asili. Fundi wa mwaka 1990 aliyeifuta sura ya mtu akahifadhi kazi yake bila kuweka nakala, alikuwa ameifuta moja kwa moja. Mwenzake wa leo aweza kulizima tabaka moja, na ile sura ya kwanza ikarudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo kadiri uwezo wa kudanganya ulivyozidi, ndivyo uwezo wa kuitunza asili nao ulivyozidi. Mambo haya mawili yamekua pamoja kama ndugu wa tumbo moja.

Pili, uongo wa picha haukuingoja kompyuta. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Urusi ya Kisovieti, alipigwa picha akiwa kando ya Stalin karibu na mfereji wa Moscow. Baada ya kuuawa mwaka 1940 aliondolewa katika picha hiyo, yakabaki maji pale aliposimama. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono. Mnamo Februari 1982, miaka minane kabla ya Photoshop, jarida la National Geographic la Marekani liliyasogeza pamoja mapiramidi ya Giza ili yaenee katika jalada lake lililosimama wima, na wasomaji wakalilaumu. Hata huku kwetu pwani, huko Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na studio yake katika karne iliyopita, akikata na kuunganisha picha, akimweka mteja katika mandhari ambamo hakupata kuingia. Hatujui mtu ambaye angemwita Bakor mwongo. Mteja alijua, na mtazamaji alijua. Kiungo kilionekana, na starehe yenyewe ilikuwa katika kukiona.

Basi tukiacha hadithi ya kuporomoka, tofauti ya matoleo iko wapi? Sisi twadhani iko mahali padogo ambapo watu hawapatazami: katika asili ya kiraka.

Tuchukue ile zana iitwayo muhuri wa kunakili, ambayo mafundi wa picha waliitegemea tangu siku za mwanzo. Fundi huonyesha mahali pazima katika picha, kisha hupiga muhuri mahali palipoharibika, na kile kilicho pazima kikahamia palipoharibika. Ukuta ukiwa na doa, doa hufunikwa kwa kipande cha ukuta ule ule. Shavu la kulia likiwa na mkwaruzo, ngozi huazimwa katika shavu la kushoto la mtu yule yule. Ni kazi ya mshonaji akataye kiraka katika pindo la ndani la nguo ili azibe tundu la mbele: nguo hubaki nguo ile ile. Hata ile zana ya mwaka 2010 ilikuwa bado katika njia hii, kwani iliokota yaliyomo ndani ya picha. Ni kweli kwamba fundi aliweza pia kuazima katika picha nyingine. Lakini alikuwa na picha hiyo mbele yake. Ungemwuliza, "Jicho hili umelitoa wapi?" angekuwa na jibu, jema au baya.

Mwaka 2023 jibu hilo limetoweka. Mashine haitazami picha iliyo mbele yake peke yake. Imefundishwa kwa picha nyingi mno, za ghala la Adobe na nyinginezo ambazo muda wa hakimiliki umepita, na inapokuta pengo huchora kitu kinachofanana na vile ambavyo mapengo kama hayo huwa. Haitoi jicho la mtu fulani. Inatoa jicho liwezalo kuwa. Walimu wenzetu wataona jinsi tofauti yote ilivyojikunja ndani ya viambishi vichache: jicho liwezalo kuwa, na jicho lililokuwa. Ukimwuliza fundi wa leo amelitoa wapi, atasema kwa haki kabisa kwamba hajui. Na ukiiuliza kampuni, itakueleza namna mashine inavyofanya kazi, lakini jicho lile, hilo moja, haitaweza kukuambia limetoka kwa nani. Tena, ili kiraka hicho kipatikane, eneo la picha husafirishwa kwa njia ya intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, ambapo toleo la kale liliimaliza kazi ndani ya chumba cha studio. Linganisha na lile toleo la mwanzo, ambalo Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta la Marekani liliitoa programu yake hadharani mwaka 2013: mistari ipatayo 128,000, ambayo ajuaye kusoma lugha za kompyuta aweza kuisoma yote na kueleza kila kiraka kilipotoka.

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya kudadisi tu, nani ataumizwa na jicho lililochorwa?

Kuanzia mwishoni mwa Aprili 1972, watu wengi waliuawa nchini Burundi katika balaa ambalo Warundi hulitaja kwa jina la ikiza. Makadirio ya idadi ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Miongoni mwao walikuwamo walimu, wanafunzi na makarani wengi, watu ambao kosa lao lilikuwa kusoma. Wengi hawakuzikwa na jamaa zao. Mwaka 1993 yakaja mauaji mengine, na vita vya miaka mingi. Katika nyumba ambamo mtu aliondoka asirudi, picha si pambo. Aghalabu ni moja tu, ndogo, nyeusi na nyeupe, ya kitambulisho au iliyokatwa katika picha ya darasa, nayo imehama na jamaa kutoka kilima hadi kilima, na pengine kuvuka mpaka na kurudi. Picha ya namna hiyo haikosi kuchanika. Haikosi kuingia maji.

Sasa tuseme, kwa mfano, mjukuu anaipeleka picha ya babu yake studio. Nusu ya uso imeliwa na unyevu. Fundi wa toleo la kale angefanya awezalo: angesafisha madoa, angeunganisha mpasuko, na mwishowe angemwambia, "Jicho hili la kushoto limekwenda. Naweza kuligeuza lile la kulia nikuwekee, au niliache." Hapo kuna shauri la kufanywa, na watu wawili wanalifanya huku wakijua. Fundi wa toleo jipya habonyezi zaidi ya mara mbili tatu, na uso mzima unatokea, laini, unatazama. Mjukuu analia kwa furaha. Anaitundika picha ukutani. Miaka inapita, mtoto wa mjukuu anasimama mbele yake, na wageni wanasema: mtoto huyu ana macho ya babu yake. Wanalitaja jicho ambalo halikuwa la babu, wala la mtu yeyote aliyepata kuzaliwa.

Na haliishii ukutani. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2014, ilifukua makaburi ya halaiki katika mikoa mbalimbali. Mwaka 2020, huko Karusi, ilitangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Hebu tulifikirie jambo hili polepole. Mzee anayeulizwa baba yake alivaa nini, anakumbuka nini? Anaikumbuka picha. Tukiisha kumpa picha ambamo mashine imemvalisha baba yake kola ya aina fulani kwa sababu kola za aina hiyo ndizo ilizozoea, tumeuingilia ushahidi wake bila yeye kujua, na bila sisi kujua. Kumbukumbu huifuata picha kama maji yafuatavyo mfereji. Shahidi huyo hatasema uongo. Atasema kweli ya picha.

Twalijua pingamizi lenye nguvu kuliko yote, nalo halitoki kwa mafundi. Linatoka kwa mama. Mama mjane aweza kusema: "Niacheni na sura yangu. Nimekaa na nusu ya uso miaka hamsini. Mnanifundisha nini kuhusu ukweli?" Hatuna ujasiri wa kumjibu mama huyo kwa hoja za vitabuni. Faraja ni haki yake. Lakini faraja hiyo yaweza kupatikana kwa njia isiyoficha jina lake. Mchoraji wa kalamu naye hubuni: hukaa na mama, humwuliza pua ilikuwaje, hufuta, hurudia. Anachokitoa ni mchoro, na kila aingiaye nyumbani huona kwamba ni mchoro, kazi ya mkono wa mtu anayeweza kuulizwa. Mashine inabuni kama mchoraji, ila inaizungumza lugha ya kamera. Hapo ndipo penye kosa. Kubuni si dhambi, maana Bakor alibuni. Dhambi ni kubuni ukiwa umevaa nguo za shahidi.

Wengine hutuambia kwamba hata akili ya binadamu huyaziba mapengo kwa kubuni, na kwamba hakuna kumbukumbu iliyo safi. Ni kweli. Lakini mwenye kumbukumbu huweza kusitasita. Husema "nadhani", husema "kama sikosei", na husahihishwa na dada yake aliye jikoni. Picha iliyotoka katika mashine haijui kusema "nadhani".

Kwa haki ya ufundi wenyewe, si kila kazi inataka ukali huu. Picha ya harusi yapambwa kama bibi harusi apambwavyo, na hakuna anayedanganyika. Picha ya karangamuntu haitakiwi kiraka hata kimoja, na hilo nalo linajulikana. Shida iko katikati, katika picha ambayo leo ni ukumbusho na kesho yaweza kuitwa shahidi. Na picha za marehemu wetu karibu zote ziko katikati hapo. Si ajabu basi kwamba studio yenye kompyuta kuukuu na toleo la miaka ishirini iliyopita, lisilohitaji malipo ya kila mwezi ambayo Adobe iliyafanya kuwa desturi tangu mwaka 2013, yaweza kwa kazi hii kuwa studio bora kuliko ile yenye kila kitu. Ufukara wake unamlazimisha fundi kusema "hapa sina". Hatusemi kwamba ufukara ni adili. Mwenye toleo jipya anazo tabaka za kutunzia asili, na zana za zamani zimo mle mle ndani. Akitaka, aweza kuwa mwaminifu zaidi kuliko mtangulizi wake. Lakini lazima atake, ambapo yule wa zamani hakuwa na budi.

Sisi walimu tunacho chombo chetu katika jambo hili, nacho ni sarufi. Katika kauli ya kutendwa, Kiswahili hukuruhusu kumficha mtenda: "Picha imetengenezwa." Sentensi imekamilika, wala hakuna mwalimu atakayeipiga mstari mwekundu. Lakini twaweza kuwazoeza wanafunzi wetu kuuliza yaliyoachwa: imetengenezwa na nani, kwa chombo gani, sehemu ipi, na kwa kuazima wapi? Tena twaweza kurudisha kazini maneno ambayo "kutengeneza" limeyameza. Kusafisha, kuunganisha, kuziba, kujazia, kubuni, kughushi: kila moja lina uzito wake, na fundi atakayezoea kuyatenga midomoni atayatenga na mikononi. Darasani Bujumbura, ambapo mtoto huja na Kirundi, akakutana na Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, zoezi la namna hii lina faida zaidi, kwa kuwa atajaribu kuona kama kila lugha yake inazitenga kazi hizi au inazichanganya.

Kuna desturi moja ya mafundi wa Italia wanaotengeneza michoro ya zamani makanisani, ambayo twaiona yafaa. Pale rangi ilipobanduka, hawalichori upya umbo lililopotea kana kwamba halikupotea. Hujaza pengo kwa mistari myembamba iliyosimama wima. Ukiwa mbali, jicho linapata utulivu na mchoro unaonekana mzima. Ukikaribia, unaiona mistari na kujua kwamba hapa mchoraji wa kwanza hayupo. Njia hiyo ilikuzwa Roma katika karne ya 20, katika taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1939 kwa kazi hiyo.

Studio ya Bujumbura yaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama. Inakili picha iliyochanika kama ilivyo, na nakala hiyo isiguswe. Katika nakala ya pili isafishe, iunganishe, na pale palipokosekana kabisa iweke kijivu kitupu, cha kiasi cha kutoumiza jicho. Nyuma ya karatasi iandikwe kwa kalamu ni nini kilichofanywa, na mwaka. Babu atakaa ukutani na jicho moja na kivuli. Mgeni atakayeingia sebuleni atauliza kwa nini picha iko hivyo, na mtu wa nyumba ile itabidi aketi amweleze.